Eucabeth Hataki Kitabu Chenye Majibu Nyuma

Saa nane mchana, Riyadh imejifungia ndani. Katika ghorofa ya pili ya nyumba moja mtaani Al-Sulimaniyah, baba amelala, madam amelala, watoto wamelala au wanajifanya wamelala, na Eucabeth Nyaboke anapiga pasi.

Anapiga pasi kanzu nyeupe za baba, kanzu ambazo zikibaki na mkunjo mmoja tu huwa ni kesi. Lakini macho yake hayako kwenye kanzu peke yake. Pembeni mwa meza ya pasi, pale ambapo mwingine angeweka chupa ya maji ya kunyunyizia, amefungua kitabu kinene na kukibana kurasa kwa vibanio viwili vya nguo ili kisijifunge.

Anasoma mstari, anasukuma pasi, anaurudia mstari. Kanzu ikiisha anaitundika, anapangusa mikono, anachukua simu yake yenye kioo kilichopasuka na kuandika alichosoma. Simu inamjibu kwa maandishi mekundu. Amekosea.

"Safi sana," anasema kwa sauti ya chini, akitabasamu kama mtu aliyeletewa chai. "Sasa ndiyo tuanze kazi."

Kitabu hicho kinafundisha JavaScript, mojawapo ya lugha ambazo watu hutumia kuiamuru kompyuta ifanye kazi. Eucabeth tayari anajua nyingine, Python. Hii ya pili ameivamia kwa sababu kuna shule jijini Nairobi inayochukua wanafunzi wachache, kuwafunza na kuwatafutia kazi, na mtihani wake wa kuingia mwezi wa Mei mwaka huu wa 2019 unafanywa kwa JavaScript, hakuna kujadiliana.

Mkataba wake wa kazi za nyumbani unaisha Aprili. Madam anataka asaini miaka miwili mingine, na Eucabeth amekataa. Akifaulu mtihani, basi. Akianguka, atakuwa ameacha kazi ya uhakika na kurudi Nyamira bila kazi wala shule, na wapo watu wengi wanaosubiri kumwambia kwamba walimwambia.

Kwa hiyo anapokuambia kwamba amechagua kitabu kwa makini, usicheke. Kitabu hicho kimoja ndicho mwalimu, ndicho darasa, na ndicho shule nzima aliyo nayo hadi Mei.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo analotaka liandikwe. Wakenya wakisikia mwanamke ameenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, huuliza kwanza ana watoto wangapi na wako darasa la ngapi.

"Mimi sina mtoto," aliliambia gazeti hili kwa ujumbe wa sauti, mmoja kati ya mingi aliyotutumia akiwa jikoni. "Si lazima kila aliyekuja huku awe na karo ya mtu ya kulipa. Mimi nilikuja kwa sababu yangu. Andika hivyo hivyo, usinitafutie huruma."

Tumeandika hivyo hivyo.

Eucabeth ana miaka thelathini na mmoja. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi katika duka la kompyuta na intaneti mjini Keroka, akiwachapia watu barua za kuomba kazi. Anasema alichapa barua nyingi hadi akajua sifa za mwombaji kazi kwa moyo, ila kazi yenyewe haikumpata. Kisha watu wakanunua simu za kisasa, wateja wakapungua, na tajiri wake akageuza duka kuwa la kuuza vifaranga.

Mwaka wa 2013 wakala wa kazi za ng'ambo alipita mjini hapo. Baada ya mafunzo mafupi ya kutumia mashine ya kufulia na kusema "hadhir, madam," yaani ndiyo, madam, Eucabeth alijikuta Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar, katika nyumba ya familia kubwa yenye jiko dogo. Mshahara ulikuwa riyal mia tisa kwa mwezi. Kazi haikuwa na mwezi wala wiki, ilikuwa moja tu isiyokatika.

Ni huko Al-Mahjar alikoanza kufikiria kompyuta upya. Kule Keroka alikuwa ameona mashine zikifanya kazi na kujiuliza ni nani aliyeziambia cha kufanya. Alipopata rafiki, Stacy, Mkenya anayefanya usafi katika shule moja mjini humo, alimwomba jambo. Stacy alikuwa anaenda likizo Nairobi. Amletee kitabu cha Python.

"Akaniuliza, kitabu gani sasa?" anakumbuka Eucabeth. "Nikamwambia, wewe tafuta chenye maswali na majibu. Kile cha revision."

Mkenya yeyote aliyefanya mtihani wa kidato cha nne anajua alichomaanisha. Sisi tumelelewa na vitabu vya kudurusia. Maswali ya miaka iliyopita mbele, majibu nyuma, unakariri hadi ubongo unatoa jasho, unaingia chumba cha mtihani, unamwaga ulichobeba, unatoka ukiwa mwepesi. Ukipata alama nzuri, kijiji kinaimba. Kama ulielewa, hiyo ni shauri yako.

Stacy alileta kitabu hicho. Kilikuwa na maswali mia kadhaa na majibu yake, kila kitu kimepangwa vizuri. Eucabeth alikikariri chote. Alikikariri akiosha sufuria za wali, akakikariri akibembeleza mtoto, hadi siku moja akamwambia mama mwenye nyumba "kweli" na "si kweli" kwa Kiingereza alipoulizwa kama nyama imeiva.

Mkataba ulipoisha mwaka wa 2015, alirudi Kenya kifua mbele. Kampuni moja ndogo jijini Nairobi ilimwita kwa mahojiano. Wakamuuliza maana ya hiki na tofauti ya kile na kile. Akajibu yote bila kupepesa. Kijana aliyekuwa akimhoji akafurahi, akamsogezea kompyuta yenye ukurasa mtupu.

"Akaniambia, haya dada, niandikie programu ya kupanga zamu za walinzi watatu, kila mmoja apumzike siku moja kwa wiki. Kitu kidogo tu," anasimulia Eucabeth. "Nikaangalia ule ukurasa. Ukaniangalia. Hapakuwa na swali ambalo nilikuwa nimeona jibu lake mahali. Nilikaa pale hadi yule kijana akanionea haya, akatoka nje kwenda kujifanya anapokea simu."

Aliporudi alimwambia maneno ambayo Eucabeth anayarudia hadi leo bila kumchukia aliyeyasema: "Umesoma sana, lakini hujawahi kuandika."

Alilia kwenye ngazi za jengo lile, hafichi. Kisha akafuta machozi na kukasirika, na hasira hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo iliyomwokoa. Mtu mwingine angesema kompyuta si za watu kama sisi. Yeye alisema kitu kingine.

"Sikushindwa na kompyuta. Nilishindwa na kitabu, tena nilichokiagiza mwenyewe. Nikasema kitabu kinabadilishwa. Mimi nitabaki."

Safari za kwenda Saudia zilipofunguliwa tena mwaka wa 2017 baada ya serikali kuzisimamisha, alirudi, safari hii Riyadh. Kabla ya kusaini alimwambia wakala kwamba simu yake haitakaa kwenye droo ya madam. Wakala alimwambia wasichana wa kazi hawaweki masharti. Eucabeth alimjibu kwamba huyu anaweka, na kama hamtaki, mlango alioingilia bado anaukumbuka. Wakala akanung'unika, akapiga simu mbili, na sharti likaandikwa.

Akiwa Al-Sulimaniyah hakuweza kutoka kwenda dukani alivyotaka, kwa hiyo macho yake yakawa Josphat, dereva wa familia hiyo, mzaliwa wa Murang'a, mtu mpole mwenye kulalamika sana. Josphat alipotumwa mjini, Eucabeth alimwomba apitie duka la vitabu na kumtumia picha. Josphat akampigia picha majalada.

"Akanifokea," anasema Josphat. "Eti jalada ni la nini, anataka ukurasa wa katikati. Nikatuma wa katikati. Akasema sasa nenda mwisho wa sura ya tatu. Nikaenda. Akasema angalia kama nyuma kuna majibu. Nikamwambia, Eucabeth, mimi nilidhani tunanunua kitabu, kumbe tunanunua shamba! Askari wa duka akaja kuniuliza kwa nini napiga picha vitabu vya watu. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha barabarani, mafi mushkila, hakuna shida, ni dada yangu ana kichwa kigumu."

Kitabu kilichopatikana kwa shida hiyo ndicho kilichomfundisha Python kwa kweli. Hakikuwa na majibu. Kilimtaka aandike, akosee, asome kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, arekebishe. Wiki ya kwanza alitaka kukitupa dirishani. Mwezi wa pili alikuwa ameandika, kwa simu, programu ya kupanga zamu za walinzi watatu, kila mmoja akipumzika siku moja kwa wiki. Hakuna aliyemuuliza. Alitaka tu ile programu ijue kwamba amerudi.

Sasa hii JavaScript ilipoingia, shida ikawa mpya. Alihitaji kitabu kingine, na vitabu vya kuanzia lugha ya kompyuta ni vingi kuliko wanaovisoma. Hapa ndipo wengi hukosea, anasema, kwa kudhani kwamba lugha mpya ni kuanza upya.

"Nilipofika Jeddah mara ya kwanza, hakuna aliyenifundisha kijiko ni nini," anaeleza. "Nilikuwa najua kijiko. Niliambiwa tu huku kinaitwaje. Sasa kwa nini ninunue kitabu cha kunifundisha kijiko tena? Nataka kitabu kinachoniambia, kule ulikotoka mlifanya hivi, huku tunafanya vile, na hapa kuwa macho kwa sababu maneno yanafanana lakini mambo ni tofauti."

Nafasi ilikuja Januari, watoto walipofunga shule na familia ikaenda Jeddah kwa dada yake madam. Siku moja madam alikwenda katika duka kubwa la vitabu na vifaa vya shule kununua mikoba na kalamu za rangi. Eucabeth alifuata nyuma akisukuma kigari cha mtoto. Ilikuwa mara yake ya kwanza katika nchi hiyo kusimama mbele ya rafu ya vitabu kwa miguu yake mwenyewe.

Madam akiwa kwenye kalamu, Eucabeth alielekeza kigari upande wa kompyuta. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akamjia haraka na kumwonyesha rafu ya watoto. Alimtolea kitabu chenye picha za paka na roboti. Eucabeth alimshukuru, akakiweka mahali pake na kurudi alikokuwa. Muuzaji akasimama karibu, kama mtu anayechunga sahani zisivunjwe.

Kitabu cha kwanza alikifungua mwishoni. Majibu yamejaa. Akakirudisha haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Cha pili kilikuwa kizuri, lakini kilipigwa chapa miaka mingi iliyopita, na lugha hizi hubadilika. Anasema kununua kitabu cha namna hiyo ni sawa na kununua kalenda ya mwaka jana kwa sababu picha zake ni nzuri. Cha tatu kilianza kwa kueleza kibodi ni nini. Mtoto akaanza kulia. Akamtikisa kwa mguu na kuchukua cha nne.

Cha nne alikifungua katikati. Mwandishi wake alikuwa ameandika programu yenye kosa makusudi, akamwacha msomaji aanguke nalo, kisha ukurasa uliofuata akaanza kumfundisha namna ya kulisaka. Eucabeth alisoma akiwa amesimama, mtoto akilia, muuzaji akimtazama. Anasema alihisi kama mtu amemshika mkono.

"Yalla, Beti!" Madam, ambaye hajawahi kulimaliza jina lake, alikuwa ameshafika. Alitazama kitabu, kisha muuzaji akamnong'oneza jambo, naye akachukua kile cha paka na roboti. "Chukua hiki, zawadi yangu. Hicho chako kigumu."

Mtu anayeishi chini ya paa la mwajiri, ambaye ikama yake, yaani kibali cha kuishi nchini, na ruhusa yake ya kutoka viko mikononi mwa kafili, yule mwajiri aliyemdhamini, hufundishwa kupokea zawadi kwa mikono miwili. Eucabeth alijua hivyo. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, mmoja kwenye kigari na mwingine kwenye kitabu cha nne.

"Shukran, madam. Hicho kitamfaa Lulu," alimjibu, akimtaja binti mdogo wa nyumba hiyo. "Mimi nachukua hiki, na nalipa mwenyewe. Ni kigumu, lakini hata mimi si laini."

Madam alilipia mikoba na kalamu, wakaingia kwenye gari. Kisha akacheka, tena sana, na kumtafsiria dada yake kwenye simu. Lulu alipewa kitabu cha paka na roboti, na tunaambiwa anakipenda.

Si wote waliocheka. Ijumaa iliyofuata Eucabeth aliruhusiwa kumtembelea Stacy, ambaye siku hizi anaishi mtaa wa Bani Malik, hapo hapo Jeddah, katika nyumba ya kupanga na Wakenya wenzake. Alikwenda na kitabu chini ya abaya. Wenzake walikuwa wakila ugali, na habari ilikuwa imemtangulia kwamba Eucabeth amekataa kusaini.

"Mimi nilimwambia ukweli, bana," anasema Stacy bila kuona haya. "Madam mwenye roho safi hapatikani kila siku. Watu huku wanateswa, wananyimwa simu, wananyimwa chakula, na wewe uko na madam anacheka na wewe, unaacha? Kwa sababu ya mtihani? Vitabu utakula?"

Na hapo ndipo ugumu wa hadithi hii ulipo, maana Stacy hasemi upuuzi. Nyumba nzuri ni bahati, na bahati ya namna hiyo haiagizwi kwa wakala. Hata Josphat, ambaye humtetea, ana wasiwasi wake. Tangu wanawake waruhusiwe kuendesha magari mwaka jana, madam anajiendesha mwenyewe hadi sokoni, na Josphat anahesabu safari zinazomponyoka. Mwenye kazi, kwake yeye, hachezi nayo.

Eucabeth aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akawauliza ni nani kati yao aliyepanga kukaa miaka miwili tu alipokuja. Wote walikuwa wamepanga hivyo. Akawauliza ni mwaka wa ngapi sasa. Mtu akamwambia ale, ugali unapoa.

Madam naye hakuwa amemaliza. Waliporudi Riyadh, alimwita sebuleni alasiri moja na kumwekea mezani tarakilishi mpya, ile ya kubebeka, ikiwa bado kwenye sanduku lake. Hakuna kitu ambacho Eucabeth amewahi kukitamani kuliko hicho. Kwa miaka miwili amekuwa akiandika programu kwa kidole gumba kwenye kioo kilichopasuka.

"Yako," madam alisema. "Soma unavyotaka, mchana wote, sikukatazi. Na mshahara naongeza. Saini tu."

Eucabeth anakiri kwamba aligusa lile sanduku. Alilipapasa juu, akasoma maandishi ya ubavuni, akajua ni mashine nzuri. Anasema moyo ulimwambia chukua, miaka miwili ni nini, utasoma hata vitabu vitano. Kisha akakumbuka kwamba hivyo ndivyo alivyojiambia Al-Mahjar, na kwamba mtihani ni Mei, si siku atakayojisikia yuko tayari.

Akalisukuma sanduku, taratibu, upande wa madam.

"Halas, madam, basi. Sitasaini."

Madam hakukasirika. Eucabeth anasema ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa, na akamuuliza kwa upole, "Na ukianguka huo mtihani, Beti?"

Tiketi ya Aprili imeshakatwa. Shule ile ya Nairobi hufanya mtihani tena mwezi wa Septemba, na Eucabeth ameshatuma jina lake kwa mitihani yote miwili, maana amepanga kufanya hadi wachoke kumwona. Kwanza, hata hivyo, alimjibu madam, na ombi lake pekee kwa gazeti hili lilikuwa kwamba jibu hilo tusilipunguze.

"Jina langu ni Eucabeth. Na nikianguka, madam, nitaanguka nikiwa kwetu. Kesho yake nitaamka, nifungue mlango, nitoke, na hakuna nitakayemwomba ruhusa."